Fleti Nazo ni Mtaa: Nani Atabeba Msiba wa Ghorofa ya Nane?

Usiku wa kuamkia Jumatano moja ya mwezi wa Rajab, simu ya ofisi ya msikiti wetu iliita saa tisa kasoro robo. Aliyepiga alikuwa kijana ambaye sauti yake sikuitambua. Alisema baba yake amefariki dunia, kisha akataja jina la jengo ambalo kutoka mlangoni kwetu ni mwendo wa dakika sita kwa miguu. Mimi ni katibu wa kamati na daftari la waumini liko mikononi mwangu. Nililifungua hapo hapo, na jina la marehemu halikuwamo.

Nilipofika na kuuona uso wake ndipo nilipomjua. Mzee huyo alikuwa akiswali nasi Alfajiri karibu kila siku kwa muda wa miaka mitatu, safu ya pili, upande wa kulia, na hutoa salamu huku akivaa viatu vyake kwa haraka. Katika miaka hiyo mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anaishi wapi. Naliandika jambo hili kwa haya, kwa kuwa kumjua mtu wa namna hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Tulikwenda watu sita. Getini mlinzi alituuliza tunakwenda namba ngapi. Tukamtajia jina la marehemu, akatikisa kichwa. "Niwie radhi, Ustadhi," alisema, "hapa mimi nawajua watu kwa namba. Nipe namba ya nyumba niwapigie simu wa juu." Ilikuwa namba 803, ghorofa ya nane. Simu ya juu ikaita bila kupokelewa, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wakilia, na sisi tukasimama chini na jeneza letu kama watu waliokuja kuuza kitu usiku.

Kisha ikaja habari ya lifti. Lifti ya jengo lile inachukua watu sita waliosimama. Jeneza haliingii ila kwa kusimamishwa, na hakuna aliyekuwa tayari kumsimamisha maiti. Kumwosha hapo juu nako hakukuwezekana, maana bafu lilikuwa la mtu mmoja na maji yalikuwa yamekatika tangu saa nne, pampu inapozimwa. Tukaamua ateremshwe akaoshewe msikitini. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi ilidhihirika kwamba jeneza halipindi. Tukalitanguliza tupu, na marehemu tukamteremsha katika blanketi zito, hatua kwa hatua, ghorofa moja baada ya nyingine.

Kila tulipofika kituo cha ngazi, mlango ulifunguliwa. Ghorofa ya tano alitoka kijana mmoja amevaa fulana na bukta, akauliza ni nani. Tulipomwambia ni mzee wa 803, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule mzee wa lifti?" Kumbe ndivyo walivyomwita, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuuzuia mlango wa lifti kwa mguu wake mpaka mtu aliyemwona kwa mbali awahi kuingia. Kijana yule ni Mkristo. Alivaa kandambili, akashika upande wa miguu, na hakuuachia mpaka chini. Tulipofika uwanjani tulikuwa watu 14, wengi wao wakazi wa jengo hilo hilo, na wawili walikuwa wakisalimiana kwa mara ya kwanza, mmoja wa ghorofa ya tatu na mwingine wa nne.

Jengo hilo lina fleti 40. Tukikadiria watu watano kwa kila kaya, humo wanaishi watu 200, ambao ni wengi kuliko wa mitaa mingi niliyoijua utotoni. Kwa hesabu ya wajumbe wa nyumba kumi kumi, waliowekwa na TANU katika miaka ya 1960, jengo hilo lingestahili wajumbe wanne. Lina mlinzi mmoja, anayewajua watu kwa namba.

Nyumba ya Kiswahili haikuwa peponi

Ndugu msomaji, anayezungumzia fleti hujikuta upesi akiisifu nyumba ya zamani. Ni kweli kwamba nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilijengwa kwa namna iliyomlazimisha mtu kumjua mwenzake. Vyumba vilipangwa pande mbili za korido, jiko, choo na kisima vikawa uani kwa matumizi ya wote, na mbele ya mlango palikuwa na baraza ambapo hapiti mtu bila salamu. Msiba ukitokea, turubai lilifungwa barabarani, majamvi yakatandikwa, na mwenye nyumba ya jirani hakuulizwa kama ua wake utumike kwa kupikia; aliamka akaukuta umejaa masufuria.

Lakini wengi wetu tuliolelewa humo tunakumbuka na mengine. Tunakumbuka foleni ya choo kimoja kwa wapangaji wa vyumba sita, na mama aliyenunua kilo moja ya nyama akijua kwamba kabla ya Adhuhuri uani kote watakuwa wameipima. Tunakumbuka siri za ndoa za watu zilizopita juu ya kuta zisizofika dari. Uislamu umekataza kupeleleza na kusengenya, na ua ule ulikuwa darasa la yote mawili. Kwa hiyo mama wa Kiislamu anayesema kwamba ndani ya fleti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anaweza kufunga mlango akavua mtandio bila hofu ya macho ya mpangaji wa chumba cha pili, anasema kweli, na asibezwe.

Wala jiji halina njia nyingine. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu milioni 5.38. Kiwanja cha Kariakoo kilichokuwa na vyumba sita leo kinabeba ghorofa kumi. Familia zetu zitaishi juu kwa juu, zipende zisipende.

Wapangaji wa jana, wamiliki wa leo

Kuishi ghorofani si jambo jipya kwetu. Upanga na katikati ya jiji zimekuwa na fleti tangu kabla ya Uhuru. Kilicho kipya ni kuzimiliki mojamoja. Mwaka 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili huyo akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Maana yake ni kwamba kwa miongo kadhaa mkazi wa fleti alikuwa mpangaji wa shirika. Bomba likipasuka aliandika barua kwa shirika. Paa likivuja alilaumu shirika, akaweka beseni chini ya tone, akangoja. Hakuhitaji kuzungumza na jirani ili nyumba isimame.

Visiwani hadithi inafanana. Yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, yaliwatoa watu katika nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo na kuwapandisha ghorofani kwa mkono wa Serikali. Mwaka 2010 Zanzibar ilipata sheria yake ya kondominiamu, jina ambalo Bara halijazoeleka. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 1987, na mwaka 2020 ikaifuta na kuweka mpya.

Kwa Tanzania Bara, mlango ulifunguliwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo fleti yako inaweza kuwa na hati yake, ukaiuza, ukaiweka rehani benki, au ukaiacha mirathi. Hilo wanunuzi wote wanalijua, maana ndilo madalali wanalolisema. La pili halisemwi sana. Hati hiyo haikupi vyumba vyako peke yake. Inakupa pia fungu katika mali ya pamoja, yaani ngazi, lifti, paa, kuta za nje, kisima, pampu, maegesho na ardhi yenyewe iliyo chini. Tena inakuingiza katika umoja wa wamiliki, chombo chenye uwezo wa kisheria, chenye kanuni zake, kinachokusanya michango na kinachoweza kukudai. Aliyenunua fleti akidhani amenunua nyumba, kwa kweli amenunua vyumba vitatu na sehemu ya mtaa.

Na mtaa huo una kasoro moja ambayo sheria haikuiondoa. Wenye sauti ndani ya umoja ni wamiliki. Mpangaji aliyeishi humo miaka sita, anayejua ni ngazi ipi imelegea na mtoto yupi anaugua kifafa, hana kura. Mmiliki anayeishi Muscat au Toronto na hajawahi kulala humo hata usiku mmoja, anayo.

Deni lililobandikwa ndani ya lifti

Sasa nirudi 803, kwa kuwa msiba ule haukuishia makaburini.

Siku ya pili ya tanzia, nikipanda na wazee wawili kwenda kuwapa mkono wafiwa, nilisoma tangazo lililobandikwa ndani ya lifti. Lilikuwa orodha ya fleti zinazodaiwa michango ya huduma, ile ambayo wengi huiita sevisi chaji. Namba 803 ilikuwa ya tatu kutoka juu, na mbele yake deni la miezi 11. Kila aliyekuja kumpa mkono mjane alipanda ghorofa nane akiwa ameelekea karatasi ile. Nilimwona mzee mmoja akiisoma, kisha akageuza uso ukutani.

Mtoto mkubwa wa marehemu alinieleza habari yake jioni ile. Mwaka uliopita lifti ilikufa kwa miezi minne, na baba yake, mwenye magoti mabovu, alikuwa akipumzika mara tatu ili afike nyumbani. Akasema halipii huduma asiyoipata. Lifti ilipotengenezwa deni lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko pensheni yake, akaona haya kusema, akanyamaza. "Basi, Ustadhi," kijana aliniuliza, "hili nalo ni deni la maiti? Tulilipe kabla hatujagawa mirathi, au tuwaambie wamlaumu aliyeharibu lifti?"

Sikumjibu usiku ule. Deni la maiti si jambo la kujibiwa ngazini. Hulipwa kabla ya wasia na kabla mrithi hajagusa chochote. Nililipeleka swali kwa masheikh wawili walionifundisha, nikalifungulia na vitabu.

Kilichonishangaza ni jinsi swali lilivyo la kale. Mafakihi waliijua nyumba ambayo chini yake ni ya mtu mmoja na juu yake ni ya mwingine, na waliiwekea hukumu. Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, ina kifungu cha 1192 kinacholizungumzia jambo hili hili. Wa juu ana haki ya kuegemea jengo la wa chini. Wa chini ana haki ya kusitiriwa na jua na mvua kwa jengo la wa juu. Na hakuna kati yao anayeruhusiwa kufanya katika mali yake jambo litakalomdhuru mwenzake bila ridhaa yake, ingawa mali ni yake. Nilipokuwa chuoni tulipita juu ya masuala haya kama watu wanaopita juu ya daraja, tukidhani ni ya miji ya mbali.

Je, mmoja akikataa kutengeneza, hulazimishwa? Hapa wanazuoni hawakukubaliana. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli ya kale ya Imamu ilikuwa kwamba mshirika hulazimishwa kujenga ukuta wa pamoja ulioanguka, na kauli yake mpya, ambayo ndiyo iliyotegemewa, ni kwamba halazimishwi. Majalla nayo, katika kifungu cha 1315, ilipita njia ya kati: jengo likibomoka na wa chini akikataa kujenga, wa juu hujenga kwa idhini ya kadhi, kisha humzuia mwenzake kutumia sehemu yake mpaka alipe fungu lake.

Nilidhani kwa hiyo kauli ya Shafii inamsaidia marehemu. Sheikh wangu wa kwanza alitabasamu. Alisema kauli ile ni ya washirika wasiokuwa na mkataba. Mzee huyu alitia saini. Aliponunua fleti alikubali kanuni za umoja, zikiwamo za mchango wa kila mwezi, na Waislamu hufungwa na masharti waliyoyaridhia, maadamu hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Sheikh wa pili alikubaliana naye, akaongeza jambo moja: ikiwa umoja nao ulivunja ahadi yake ya kuiendesha lifti, basi kuna madai mawili yanayokabiliana, na ile miezi minne inastahili kuzungumzwa kwa sulhu. Mmoja hafuti deni lake kwa kunyamaza, na mwingine halithibitishi lake kwa kulibandika ukutani.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mimi na kijana tulikaa na mwenyekiti wa umoja wa jengo, mama mmoja mhasibu ambaye kazi hiyo anaifanya bila malipo baada ya saa za ofisi. Nilikwenda nikiwa na hasira ya lile tangazo, na nikatoka nikiwa nayo nusu. Alitufungulia daftari. Pampu iliungua mwezi wa Safar, na fundi alitaka fedha taslimu. Wapo wamiliki waliolipa siku hiyo hiyo, wapo waliosema wao wanaishi ghorofa ya kwanza na maji huwafikia bila pampu, na wapo ambao simu zao zilizimwa. Yeye mwenyewe aliweka dhahabu yake rehani ili watu 200 wapate maji. "Katibu," aliniambia, "hawa wanaonilaumu kwa kubandika karatasi, hakuna aliyekuja kwenye mkutano."

Alipomaliza kusema niliikumbuka hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyo katika Sahihi ya Bukhari, kuhusu watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakachoka kupita kwa wenzao kuchota maji, wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Tumezoea kuisikia mimbarini ikifundisha kuamrishana mema. Katika jengo lile inasomeka pia kama kumbukumbu za kikao, ila kwetu mpango wa maji umepinduka: wa juu ndio wanaowategemea wa chini.

Ile miezi minne ya lifti ilifutwa. Miezi saba iliyobaki italipwa kutoka katika mali ya marehemu, kwa mafungu matatu. Karatasi imebanduliwa, na sasa wadaiwa huandikiwa barua zinazopitishwa chini ya mlango. Kwa maoni yangu ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo. Haki ya kudai haimpi mtu haki ya kumfedhehesha mdaiwa mbele ya watoto wake.

Hati, warithi na wakfu

Wapo watakaosoma haya wakiwa na fleti zao, basi niseme machache ambayo kijana yule angependa baba yake ayajue mapema.

Fleti haigawanyiki kama shamba. Mjane mwenye watoto ana thumni, na watoto wana fungu lao, lakini huwezi kumkatia mama thumni ya sebule. Warithi huuza wakagawana, au mmoja huwanunua wenzake, au hubaki washirika na kugawana kodi. Mpaka hapo mahakama imteue msimamizi wa mirathi, jina katika hati hubaki la marehemu, michango huendelea kuhesabiwa, na kura ya fleti hiyo hukaa kimya. Baba anayetunza hati, risiti za michango na kanuni za umoja katika bahasha moja ambayo mkewe anajua ilipo, amewapunguzia watu wake miezi ya kuhangaika.

Na wanaotaka kuiweka fleti wakfu huuliza kama inasihi, ikiwa ardhi ya nchi hii ni mali ya umma na hati zenyewe ni za miaka 33, 66 au 99. Imamu Nawawi katika Minhaj aliligusa jambo linalokaribiana na hilo. Kwake, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba kulifanya wakfu jengo lililosimama juu ya ardhi iliyokodishwa kunajuzu. Nimewasikia masheikh wakiliegemea hilo kwa fleti, kwa sharti kwamba katika kipato chake mchango wa huduma utangulizwe kabla ya kugawiwa wanaonufaika, la sivyo wakfu utageuka mzigo kwa majirani. Mwenye nia aende kwa wajuzi kabla hajaandika.

Waliopanda wakiwa wanajuana

Sitaki msomaji adhani kwamba ghorofa kwa maumbile yake huwafanya watu wageni. Tazama Magomeni Kota. Wakazi wa nyumba za zamani waliondolewa, wakakaa miaka wakisubiri, na mwezi Machi 2022 wakakabidhiwa nyumba 644 katika majengo marefu yaliyojengwa pale pale. Kaya zile zilipanda lifti zikiwa tayari ni watu wa mtaa mmoja, wenye harusi, madeni na ugomvi wa pamoja wa miaka mingi. Nimehudhuria msiba huko. Hakuna aliyeniuliza namba. Mtoto wa miaka minane alinishika mkono akanipeleka.

Fleti nyingi hazina bahati hiyo. Humo kila mmoja ameingia kwa mlango wa benki au wa dalali, kwa wakati wake, na jambo ambalo ua ule wa zamani lililifanya lenyewe sasa inabidi mtu aamke alifanye. Wanawake wametutangulia. Katika jengo ninalolisimulia, mama wa ghorofa ya sita ana kundi la simu la akina mama wa Kiislamu na wasio Waislamu, na ndilo lililopika kwa siku tatu za tanzia, kila jiko sufuria moja, wali ukiteremka na kupanda kwa lifti. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi ili amkumbuke jirani, akina mama wale hawakungoja katibu wa msikiti awasomee. Wanaume wa jengo hilo wana kundi lao pia. Nililipitia, na ujumbe tisa kati ya kumi ulihusu maegesho.

Kamati yetu nayo imekiri upungufu wake. Tumeanza daftari jipya, linaloandikwa kwa majengo na kwa ghorofa, lenye jina la muumini, simu ya mtu wake wa karibu, na jibu la swali ambalo hatukuwahi kuliuliza: je, ngazi za kwako zinapitisha jeneza? Vijana watatu wamezunguka na futi ya kupimia katika majengo 19 yaliyo jirani na msikiti. Katika 11 hazipitishi. Tumenunua machela ya kukunja yenye mikanda, aina inayotumiwa na waokoaji, na inakaa chini ya mimbari. Yeyote akiihitaji, Mwislamu au si Mwislamu, apige simu ya ofisi saa yoyote.

Limebaki suala la ukumbi. Chini ya lile jengo kuna chumba kikubwa ambacho kwenye ramani kimeandikwa ni cha matumizi ya wakazi wote, na kwa sasa kimejaa mifuko ya saruji iliyoganda na viti vilivyovunjika. Wanaume waliokuja kwenye tanzia walikaa kwenye maegesho, kati ya magari, mvua ikinyesha. Tumeandika barua kuomba chumba kisafishwe, kiwe mahali pa misiba, pa mikutano, na pa kuwafuturisha watoto, kwa watu wa dini zote wa jengo hilo. Mwenyekiti ameiweka kuwa ajenda ya tatu katika mkutano wa mwaka, utakaofanyika Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, baada ya Laasiri. Mjane wa 803 yumo katika eda na hatatoka. Mwanawe ataruhusiwa kukaa lakini hawezi kupiga kura, kwa kuwa mirathi haijafunguliwa. Mimi si mkazi, nitangoja getini. Barua yetu itasomwa na yule kijana wa ghorofa ya tano, ambaye naye ni mpangaji. Ameniambia kwamba kura hana, lakini kanuni hazikusema popote kuwa mpangaji haruhusiwi kusoma.